Bunduki Hurudi, Karatasi Hubaki: Vita na Maisha ya Nyumbani Busia na Malaba

Mhadhara uliosomwa mbele ya wakazi, wafanyabiashara na wanafunzi mjini Busia



Nimeombwa nizungumzie vita vikubwa na jinsi vinavyobadili maisha ya watu waliobaki nyumbani. Mada hii ikitajwa, fikira za wengi hukimbilia London ya mwaka 1940 chini ya mabomu, au wanawake wa Marekani wakiunda ndege viwandani. Hayo yameandikwa sana. Leo nawaomba tutazame hapa tulipo, Busia na jirani yake Malaba, miji miwili ya Kenya ambayo mlango wake wa nyuma uko Uganda. Vita nitakavyovitaja karibu vyote vilipiganwa mbali na hapa, na hakuna kilichotupita bila kuingia jikoni mwetu.

Hoja yangu ni moja. Vita humfikia mtu wa nyumbani kwa njia ya karatasi kabla havijamfikia kwa njia nyingine yoyote. Serikali iliyo vitani inahitaji watu, chakula na fedha, tena inavihitaji upesi, na haiwezi kuvipata bila kuvihesabu na kuvizuia visiende kwingine. Hapo ndipo huzaliwa orodha ya chifu, kibali cha kusafirisha mahindi, amri ya bei, marufuku ya kuvuka. Amani ikirudi, askari huenda zao na bunduki hurudi ghalani. Karatasi hubaki. Na sisi wa mpakani ndio tunaoishi nayo kwa karibu zaidi, kwa kuwa hapa karatasi ndiyo inayoamua nani mfanyabiashara na nani mhalifu, hata kama wote wawili wamebeba gunia lile lile.

Kipande shingoni

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, mstari unaotutenga na Uganda ulikuwa bado mchanga. Hadi mwaka 1902 nchi yote hii, kutoka hapa hadi kule Naivasha, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Waingereza walipoihamishia upande wa Kenya, Wasamia, Wakhayo na Wateso walijikuta wana wajomba na mashemeji katika utawala mwingine, bila yeyote kati yao kuhama.

Vita vyenyewe vilikuwa Tanganyika, dhidi ya jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck. Barabara zilikuwa chache na mbung'o waliwaua ng'ombe na punda, kwa hiyo mizigo ya jeshi ilibebwa na vichwa vya watu. Mwaka 1915 serikali ya Kenya ilitunga sheria ya kuwaandikisha wapagazi kwa lazima. Mwaka 1917, msako mkubwa zaidi wa wapagazi ulisimamiwa na John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa Mkoa wa Nyanza, ambamo eneo letu lilikuwamo wakati huo. Alizijua njia zetu na machifu wetu, na ndiyo maana alipewa yeye kazi ile. Machifu walitakiwa kutoa idadi. Askari kanga wakapita usiku kuikamilisha.

Upande wa Waingereza peke yake uliwatumia watu wapatao milioni moja katika kazi hiyo, kutoka pande zote za Afrika Mashariki na nje yake. Waliokufa wanakadiriwa kukaribia 100,000. Waliouawa kwa risasi ni wachache. Wengi walimalizwa na kuhara, malaria, nimonia na posho isiyoiva. Huku nyumbani, kazi ya kufyeka na kuvunja ardhi, ambayo mila iliwapa wanaume, iliangukia wanawake pamoja na kazi zao za siku zote. Mwaka 1918 mvua zikakosekana, na kabla mwaka haujaisha homa ya mafua iliyozunguka dunia nzima ikaingia kwa njia ya reli na kwa miguu ya watu waliokuwa wakirudi makwao.

Sasa tazameni karatasi. Mwaka huo huo wa 1915, vita vikiwa vimepamba moto, ilipitishwa sheria ya kumsajili kila mwanamume Mwafrika. Haikupata nafasi ya kutekelezwa hadi vita vilipokwisha, kuanzia mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume aliyezidi miaka 16 akatakiwa kuvaa kipande shingoni ndani ya kikasha cha chuma: alama za vidole vyake, mwajiri wake, mshahara wake, siku aliyoruhusiwa kuondoka kazini. Sheria iliyoandikwa risasi zikilia ikatumika amani ilipofika, kuwafuatilia wafanyakazi waliowatoroka walowezi. Ilidumu hadi mwaka 1947, ikapokewa na sheria ya kuwasajili watu wa rangi zote, na sheria hiyo ndiyo mzizi wa kitambulisho mlicho nacho mfukoni sasa hivi. Wanawake waliingizwa katika usajili huo mwishoni mwa miaka ya 1970 tu. Kabla ya hapo mama wa Busia alivuka mpaka maisha yake yote bila serikali yake kuwa na kadi yenye jina lake.

Mahindi yenye kibali

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia viliwachukua vijana wetu mbali zaidi: Ethiopia, Madagaska, Burma. Gazeti la Kiswahili la Baraza lilianza kuchapishwa Nairobi mwaka 1939, na familia zikapata habari za nchi ambazo wazee hawakuwahi kuzisikia. Fedha nazo zilikuja. Askari aliweza kukata sehemu ya mshahara ilipwe nyumbani, na fomu ile ikaleta ugomvi mpya katika boma: nani aende kuzipokea, mke au baba mkwe? Swali hilo halikuwa na mahali katika mila, kwa kuwa mila haikuwahi kumwona mume anayelisha nyumba kutoka ng'ambo ya bahari.

Hata hivyo badiliko kubwa la vita vile lilikuwa kwenye mahindi. Mwaka 1942 serikali ilianzisha udhibiti wa mahindi: mnunuzi mmoja, bei iliyopangwa, na marufuku ya kuyahamisha bila kibali. Mlowezi alipewa bei ya juu pamoja na uhakika wa malipo kwa kila ekari aliyolima. Mwafrika alilipwa bei ya chini kwa mahindi yale yale. Mwaka huo huo zikaja kanuni za kuwapeleka vijana kwa lazima katika mashamba ya walowezi, kwa hoja kwamba mkonge na chakula ni silaha. Kisha mvua ikapungua. Njaa ya mwaka 1943 ilifika katika nchi ambayo ilikuwa imeondoa watu shambani, ikamnyima mkulima mdogo sababu ya kuuza, na ikamkataza jirani mwenye shibe kumpelekea jirani mwenye njaa magunia mawili bila ruhusa.

Watu hawakukaa kimya. Elijah Masinde, Mbukusu wa Kimilili na kiongozi wa Dini ya Msambwa, aligombana na watawala miaka ile kuhusu kuwapeleka watu kazini kwa nguvu na kuhusu amri ya kung'oa magugu mashambani. Mwaka 1945 walimpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kana kwamba kukataa amri ni maradhi. Vita vilikwisha, manung'uniko hayakwisha. Februari 1948, pale Malakisi, mwendo mfupi kutoka Malaba, polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake na watu 11 wakafa.

Na udhibiti wa mahindi? Ulianzishwa kwa ajili ya vita dhidi ya Ujerumani, Italia na Japani. Mataifa hayo matatu yalishindwa mwaka 1945. Udhibiti ukaendelea chini ya majina mbalimbali hadi ukawa bodi ya taifa ya nafaka ambayo maghala yake mnayajua. Mkenya huru aliendelea kuhitaji kibali cha kuhamisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine mpaka soko lilipofunguliwa kikamilifu mwishoni mwa mwaka 1993. Hesabuni: vita vya miaka 6, kibali cha miaka 51.

Vita vya jirani

Nafika sasa kwenye kipindi ambacho wengi humu ndani mlikiishi, na hapa nitakaa kidogo.

Agosti 1972 Rais Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Shughuli ile yeye mwenyewe aliiita vita vya uchumi, na kwa maoni yangu tumchukue kwa neno lake, kwa sababu iliiendesha nchi kama nchi iliyo vitani. Familia nyingine ziliondoka kwa treni kupitia Malaba kuelekea bandari ya Mombasa. Maduka na viwanda vyao vikagawiwa askari na marafiki wa utawala, wale walioitwa mafuta mingi. Muda si mrefu sukari ya Kakira na Lugazi ikaporomoka, saruji ya Tororo ikawa haba, na upande wa pili wa mpaka watu wakaanza kutafuta sabuni, chumvi na mafuta ya taa kama wanavyotafuta dawa.

Nchi iliyokosa sabuni ilikuwa na kahawa. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya dunia ikapanda kupita kiasi, na Kenya ilikuwa inalipa kwa shilingi iliyonunua kitu. Kahawa ya Uganda ikaanza kuteremka usiku. Soko la Chepkube, upande wa Mlima Elgon, likavuma nchi nzima. Kahawa iliingia huko, na fedha, sabuni na redio zikatoka. Ziwani, Mwingereza Bob Astles aliongoza kikosi cha Amin cha kuwawinda wenye boti za magendo. Nchi kavu, amri ya mwaka 1975 iliwapeleka washtakiwa wa makosa ya uchumi mbele ya mahakama ya kijeshi, na adhabu ilifika hadi kupigwa risasi. Upande wetu sheria haikuwa na haraka. Kahawa iliyofika ilikoboliwa, ikatiwa muhuri, ikawa kahawa.

Mwaka 1976 mpaka wenyewe ukawa silaha. Februari, Amin alidai kwamba magharibi ya Kenya ni ya Uganda, akirejea ramani za kabla ya 1902. Kenya iliwaka, na Mombasa makuli wakagoma kushughulikia mizigo ya Uganda. Julai, baada ya makomando wa Israel kuwaokoa mateka Entebbe, uhasama ukazidi, na Kenya ikadai ilipwe kwa fedha yake kabla mafuta hayajapita. Malori ya mafuta yakasimama Malaba, na Uganda ikakaribia kuzimika. Mapatano yalitiwa saini Nairobi mwezi Agosti. Kwa wiki chache kila mtu mjini aliona jambo ambalo wanajeshi walilijua tangu zamani: barabara hii moja ina nguvu kuliko kikosi kizima.

Vita vyenyewe vilipokuja havikuja kwa mlango wetu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, Tanzania. Tanzania ilijibu, na pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni iliichukua Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jinja ilifuata siku 11 baadaye, kisha majeshi yakasonga mashariki kuelekea Tororo na mpaka wetu. Kenya haikuwa upande wowote, na wakimbizi hawakungoja tamko la serikali. Walikuwa wakivuka tangu zamani: walimu walioishia kufundisha katika shule zetu za upili, madaktari, na mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa, hata Askofu Yona Okoth wa Bukedi. Mwaka 1979 zamu ikawageukia watu wa Amin wenyewe. Astles alikimbia kwa ziwa lile lile alilowawindia wenye magendo, akakamatwa Kenya, na akarudishwa Uganda kujibu mashtaka.

Methali yetu husema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Ni kweli, na haitoshi. Nyasi za Busia ziliumia, lakini pia zilifanya biashara. Miaka ile ndiyo iliyoufanya mji huu uwe kama ulivyo. Baiskeli za kuvusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha, ambazo tayari zilikuwapo, zikawa kazi ya vijana wengi kabla pikipiki hazijaichukua kazi hiyo na jina lake la boda boda. Vijana wenye mabunda ya noti wakajifunza kusoma siasa za Kampala kwa bei ya shilingi. Wanawake wakajua njia za Mto Sio na Mto Malaba kama wanavyojua uani kwao, wakabeba chumvi kwenda na maharagwe kurudi, na watoto wakaenda shule. Serikali mbili ziliiita kazi hiyo uhalifu. Katika nyumba nyingi iliitwa chakula cha jioni. Waliotajirika kwa kahawa hawakuibeba, na waliokamatwa na gunia mgongoni si wao waliolinunua.

Linganisheni na Tanzania, nchi iliyoshinda. Vita viligharimu takriban dola milioni 500 za Marekani. Malori na mabasi yalichukuliwa kwa ajili ya jeshi, kodi zikapanda, na vita vilipokwisha Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Mkanda haukulegea. Bidhaa ziliendelea kupotea madukani, na mwaka 1983 serikali ya Waziri Mkuu Edward Sokoine ikaanza msako wa wahujumu uchumi kwa sheria maalumu na mahakama maalumu. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kudumu ya makosa ya uchumi, na hadi leo Mtanzania anaweza kushtakiwa kwa uhujumu uchumi. Aliyeshinda na aliyeshindwa, wote wawili waliachiwa mahakama ya bidhaa.

Desemba 1987

Kuna mara moja ambapo risasi zililia hapa hapa. Januari 1986 Yoweri Museveni aliichukua Kampala, wiki chache tu baada ya mapatano ya Nairobi aliyoyasimamia Rais Moi. Kutoaminiana kati ya Kenya na Uganda kukabaki. Mashariki ya Uganda kulikuwa na waasi. Jeshi la mmoja wa viongozi wao, Alice Lakwena, lilipita eneo la Tororo na Busoga, likavunjwa karibu na Jinja, naye akakimbilia Kenya. Katikati ya Desemba 1987 askari wa nchi hizi mbili walirushiana risasi Busia kwa siku kadhaa, watu wakafa, mpaka ukafungwa. Kabla mwaka haujaisha marais wawili walikutana Malaba, wakayamaliza.

Siku zile zilikuwa chache. Tabia iliyozaliwa nazo ilikuwa ndefu: vizuizi barabarani, kupekuliwa kwa mizigo, mtu kuulizwa jina la baba yake na la mtaa wake kwa kuwa lafudhi yake ni ya pande zote mbili. Mteso wa Amukura na Mteso wa Tororo, ambao jana walikuwa ndugu, ilibidi kila mmoja athibitishe ni wa nani.

Karatasi za leo

Tumetoka mbali. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977 imefufuliwa. Tangu Januari 2014 Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho chake cha kawaida. Mjukuu wa kipande amegeuka kuwa ruhusa ya kutembea, na hilo ni jema, nami nalisifu. Februari 2018 kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Museveni, na mizigo hukaguliwa mahali pamoja badala ya mara mbili. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa asitozwe ushuru wa forodha.

Mbona basi njia za panya bado zina wateja? Kwa sababu karatasi mpya ilikuja juu ya zile za zamani bila kuziondoa. Mama mwenye magunia manne ya mahindi na trei za mayai anasikia kwamba ushuru hakuna, kisha anaulizwa cheti cha ubora, kibali cha afya ya mimea, na ada ya kaunti. Akijumlisha muda na nauli, anaona ni afadhali ampe kijana wa pikipiki. Nyingi za karatasi hizo zina sababu nzuri. Sumukuvu kwenye mahindi inaua kweli. Lakini mantiki ya kituo chenyewe bado ni ya mwaka 1942: chakula kinachotembea kinashukiwa mpaka kijieleze.

Na vita havijaisha duniani. Goma, mashariki mwa Kongo, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, ilianguka mojawapo ya miji ambayo barabara yetu inailisha. Kabla ya hapo, vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vilipandisha bei ya ngano, mbolea na mafuta, na mkulima wa Nambale akavilipia kwa kununua mfuko mmoja wa mbolea badala ya miwili. Anayeishi kwenye barabara kuu hana vita vya watu wengine.

Tufanye nini

Sitaki muondoke mkidhani nachukia karatasi. Fomu ya mshahara ilimfikishia mke wa askari fedha. Ghala la taifa limeokoa watu katika ukame. Serikali isiyohesabu chochote haiwezi kugawa chochote. Ninachopinga ni amri ya dharura isiyo na mwisho, kwa sababu historia niliyowasimulia inaonyesha kwamba dharura hugeuka desturi pale ambapo hakuna aliyepewa kazi ya kuizima.

Wenzetu walioandika Katiba ya mwaka 2010 walilijua hilo. Kifungu cha 58 kinasema hali ya hatari haipiti siku 14 bila Bunge la Taifa kuiongeza, na Bunge haliwezi kuiongeza kwa zaidi ya miezi miwili kwa mara moja. Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013 nayo inasema kanuni zinazotungwa chini ya sheria za nchi hufa zenyewe baada ya miaka 10 zisipofanywa upya. Haya ni mambo makubwa, na hayajulikani sokoni. Nawaomba wawakilishi wa wadi na wabunge wetu waitumie sheria hiyo: kila kanuni ya biashara ya mpakani inapokaribia umri wake, iletwe hapa, isomwe kwa Kiswahili, Kiteso na Kiluhya, na wanaobeba magunia waulizwe kama bado ina kazi. Nawaomba wanafunzi wa historia wakusanye vibali, vipande na stakabadhi zilizomo ndani ya masanduku ya bibi zao, kwa kuwa humo ndimo vita vyetu vilimoandikwa. Na nawaomba nyote jambo jepesi zaidi. Siku mtakapoambiwa kwamba, kwa sababu ya vita vya hapa au vya kwingine, kuna amri mpya ya muda, itiini ikiwa ni ya haki. Lakini kabla ya kuitii ulizeni inaisha lini, na dai lenu liwe kwamba tarehe hiyo iandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo.